Koti la Buluu: Jumamosi Nane Katika Darasa la Uigizaji, Nakuru

Nimelipa shilingi 6,000 kutoka mfukoni mwangu na nikahudhuria Jumamosi saba kati ya nane, kwa hiyo ninayoandika hapa niliyaona mwenyewe. Wenzangu tuliozunguka nao mashuleni na tamthilia za kutahiniwa wamekuwa wakiniuliza kama darasa hili ni la maana au ni pesa za kutupa, na nimechoka kumrekodia kila mmoja sauti ndefu ya WhatsApp. Jibu langu ni nendeni. Nendeni mkijua mambo kadhaa ambayo nitayasema bila kuficha. Kuna moja nitakalochukua muda kulieleza, kwa sababu ndilo lililonifanya nilipe nusu ya pili ya ada bila kukumbushwa.

Darasa halina bango. Ni ukumbi wa kukodi, ghorofa ya pili, upande wa chini wa mji ukitoka Kenyatta Avenue kuelekea steji za matatu. Ngazi ni nyembamba, na pale chini pana duka la kushona sare za shule; ukisikia cherehani, umefika. Mnaanza saa tatu asubuhi, mnamaliza saa sita na nusu. Viatu vinabaki mlangoni. Sakafu ni ya saruji, nasi tulianza Juni, na aliyewahi kuishi Nakuru anajua Julai yetu ilivyo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia Menengai. Bebeni soksi nzito. Ada inalipwa kwa M-Pesa mara mbili, nusu siku ya kwanza na nusu wiki ya tano, pamoja na chai ya tangawizi na ngumu moja, lile andazi gumu, wakati wa mapumziko. Ngumu huwa za jana, lakini chai ni nzuri sana.

Tulikuwa kumi na mmoja. Walimu wawili wa sekondari wanaofunza wanafunzi kwa ajili ya tamasha la drama, mmoja wao mtu wa Siaya. Kijana wa bodaboda kutoka Kaptembwa ambaye wikendi ni MC wa harusi. Msichana wa miaka kumi na tisa anayetengeneza video za TikTok. Muuguzi mstaafu. Wengine watano ambao hawakupenda kueleza shughuli zao. Na mimi.

Mimi nilicheza jukwaani miaka saba, 2008 hadi 2015. Kundi letu lilikuwa na Nissan moja, mapazia mawili na sanduku la mavazi. Tulikuwa tunatoka Nakuru saa kumi usiku ili tufike Kericho kabla wanafunzi hawajamaliza uji, tunacheza shule mbili kwa siku, tunalala Kisii, kesho yake Kakamega. Nimekuwa mjane, mke wa mtawala, nabii, na siku moja askari mwenye ndevu za pamba kwa sababu mwenzetu alikuwa na malaria. Kisha malipo yakawa ya ahadi tu. Mwaka 2016 nikapita kwa ajenti, nikaenda Doha kusafisha vyumba vya hoteli. Nilirudi Desemba 2022, Kombe la Dunia lilipokwisha. Tangu hapo sikuwa nimepanda jukwaani hata mara moja. Aprili 2025, tamasha la kitaifa la drama lilipofanyika hapa Nakuru na mji mzima ukajaa watoto wa shule wenye mavazi ya maigizo, nilikwenda kununua nyanya nikajikuta nimesimama kando ya basi la shule, nawasikiliza wakifanya mazoezi ya shairi la kukariri kwa pamoja, nyanya mkononi. Wiki chache baadaye mtu akanipa habari za darasa hili.

Mwalimu ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Bukavu. Kwao alikuwa mwigizaji wa jukwaa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kabla hajaja Kenya. Kiswahili chake ni kile cha mashariki ya Kongo: watu ni "batu", na akitaka uendelee anakwambia "kiisha?" huku ameinua nyusi, nawe unaendelea. Hapa Nakuru ameuza vitenge, ameandika mabango ya maduka kwa brashi, amewafundisha watoto wa watu Kifaransa majumbani. Hayo sikuyapata kwake. Niliyapata kwa yule mama wa cherehani. Yeye mwenyewe habari zake hazitaji. Anachosimulia, nusu saa kila Jumamosi kabla hatujainuka vitini, ni maisha ya mtu mwingine: Michael Chekhov, mwigizaji Mrusi aliyefariki mwaka 1955.

Siku ya kwanza nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimelipia kuigiza, naye ananipa historia. Lakini hebu ngojeni. Amepanga darasa lote juu ya miji ambayo mtu yule aliishi, mji mmoja au miwili kwa Jumamosi, na mazoezi ya siku hiyo yanatoka katika mji huo. Nimepitia warsha nyingi tangu shule ya upili na sijaona mpango wa namna hii.

St. Petersburg sitakaa sana. Mtoto alizaliwa mwaka 1891, baba mwenye akili nyingi na chupa nyingi zaidi, mama mpole. Mwalimu alipochora ukoo ubaoni alisema mwandishi Anton Chekhov alikuwa baba mdogo wa Michael, na kwa neno hilo tu, baba mdogo, yule Mrusi akawa mtu ninayeweza kumfikiria amekaa sebuleni kwetu Bahati.

Moscow ndiyo Jumamosi niliyotaka kuwaeleza.

Mwaka 1912 Chekhov alipokelewa katika Moscow Art Theatre, ukumbi wa Stanislavski, mwelekezi na mwalimu maarufu wa uigizaji. Mwaka 1914, akiwa na miaka 23, katika studio ndogo ya ukumbi huo, alimcheza mzee Caleb kutoka hadithi ya Charles Dickens. Caleb ni fundi maskini wa vitu vya kuchezea watoto. Ana binti kipofu, Bertha, na wanaishi katika kibanda kinachovuja. Lakini tangu binti akiwa mdogo, baba amemwambia kwamba nyumba yao ni nzuri, kuta zimepakwa rangi, tajiri wao ni mtu wa huruma, na yeye mwenyewe baba bado ni kijana. Koti lake limeshonwa kwa gunia, mgongoni limebaki na maandishi ya mzigo. Kwa binti ni koti jipya la buluu.

Mwalimu alipofika hapo akaenda kwenye kona, akarudi na gunia la viazi. Gunia halisi la katani, la kilo tisini, bado lina harufu ya udongo wa Molo na ule uzi mweusi wa kushonea mdomo unaning'inia. Akanitupia. "Mama, vaa." Yule msichana wa TikTok akafungwa macho kwa leso, akaketishwa kwenye kigoda.

Nilifikiri nitaanza kusema. Akanizuia. Alitaka kwanza kitu ambacho Chekhov alikuja kukifundisha miaka mingi baadaye na ambacho mwalimu anakiita ishara ya nafsi: tendo moja la mwili mzima, kubwa, kutoka nyayo hadi vidole, linaloonyesha mtu huyu anataka nini hasa. Jukwaani hutalionyesha. Unalifanya mazoezini mpaka misuli ilijue, halafu unalificha ndani na kuingia nalo. Nikafungua mikono nikamkumbatia mtu asiyekuwepo. Mwalimu akatikisa kichwa. "Hiyo ni upendo. Batu bote beko na upendo. Huyu anataka nini?" Nikapiga magoti. Hapana. Nikaficha uso. Hapana. Mara ya tano au ya sita, nikiwa nimeanza kuchoka na kuona aibu mbele ya wale vijana, nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagonga mlango wa ukumbi, nikatanua mikono nikashika miimo pande zote mbili, nikakaza miguu kama mtu anayezuia mlango usisukumwe na walio nje. Mwalimu hakusema kitu. Nami nikajua.

"Koti hili, mwanangu," nikaanza, "ni la buluu."

Msichana, macho yamefungwa, akanyosha mkono akapapasa gunia. Hakuwa amefundishwa maneno yoyote. Akauliza, "Buluu ya namna gani?"

Nikasema, "Kama bahari ninayoiona dirishani mwangu."

Hapo sauti ikanikauka, kwa kuwa hayo hayakuwa maneno ya Caleb. Miaka sita nilikuwa nikimpigia Mama simu kutoka Doha, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile, unaishije huko, nami nilimwambia nina chumba chenye dirisha linaloangalia bahari. Tulikuwa wanawake sita katika chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, nje ya mji kabisa, na dirisha hakikuwa nalo. Simu nilikuwa nikipigia kwenye korido, mgongo umeegemea mlango, ili wenzangu wasitoke wakipiga kelele Mama akasikia.

Nililia, nami si mtu wa kulia mbele ya watu. Ninachotaka mjue ni alichofanya mwalimu baada ya hapo, maana hilo ndilo ninalolilipia. Hakunikumbatia, na hakulisifu darasa kwamba limemtoa mtu machozi. Alininyima kiti. Alisimama karibu akasema polepole, "Dirisha ni lako. Gunia ni la Caleb. Leta gunia. Kiisha?" Nikarudia tangu mwanzo. Safari hii sikumfikiria Mama. Nilimtazama yule mzee wa Dickens, viatu vyake, namna anavyoogopa binti asiguse pale mgongoni penye herufi. Maneno yakatoka, na sikulia mimi. Aliyelia ni muuguzi mstaafu, pale kwenye viti.

Kundini kwetu zamani tulifundishwa kinyume chake. Mwelekezi alituambia ukitaka kulia, mkumbuke marehemu wako. Kwa miaka saba nilimzika baba yangu upya kila asubuhi na kila alasiri, Kericho, Kisii, Kakamega, Bungoma, mpaka ikafika siku nikamkumbuka na hakuna kilichotikisika. Nilikuwa nimemmaliza. Chekhov alikataa njia hiyo. Alishikilia kwamba mwigizaji amtazame mhusika kwa macho ya fikira, amuulize maswali, amuone akijibu, na mwili umfuate. Maumivu yako ya kweli uyaache nyumbani yapone. Alitofautiana na mwalimu wake Stanislavski juu ya jambo hili. Laiti ningefundishwa hivyo mwaka 2008.

Mwalimu hafichi upande mwingine wa maisha ya mtu huyu. Karibu na mwaka 1917 na 1918 Chekhov alivunjika kabisa: pombe, woga wa kutoka nje, ndoa yake na Olga ikafa, jukwaani hawezi kusimama. Katika hali hiyo ndipo alipoanza kufundisha, ndani ya nyumba yake, akitafuta riziki na kutafuta kujiponya. Mwaka 1921 alikuwa amerudi kwa kishindo: mfalme Erik katika tamthilia ya Strindberg chini ya mwelekezi Vakhtangov, na mwaka huohuo Khlestakov katika tamthilia ya Gogol chini ya Stanislavski mwenyewe, watu wawili ambao hungeamini wamechezwa na mwili mmoja. Mwaka 1924 akamcheza Hamlet, na ukumbi aliokuwa akiuongoza ukaitwa Moscow Art Theatre ya Pili.

Na mwaka 1928 akaondoka Urusi, asirudi tena. Walikuwa wakimshutumu kwamba mawazo yake ni ya kiroho mno kwa serikali ya wakati ule. Alifika Berlin na sifa zote hizo na mke wake wa pili, akitumaini kumcheza Hamlet, akapewa kuwa Skid, mchekeshaji wa sarakasi, katika mchezo wa mwelekezi Max Reinhardt. Kwa Kijerumani, lugha ambayo haikuwa yake. Niliposikia hivyo niliweka kikombe chini. Siku yangu ya kwanza hotelini nilikabidhiwa brashi na msimamizi mdogo kuliko mimi, akanionyesha kwa vidole jinsi ya kusugua bakuli la choo, nami nilikuwa nimevaa viatu nilivyovaa nikiigiza mke wa mtawala.

Chekhov mwenyewe ameandika kilichompata akiwa Skid, mchezo huo ulipochezwa Vienna. Katikati ya mchezo, katika mazungumzo marefu ya lugha ngeni, alichoka, na ghafla akamwona Skid kana kwamba yuko nje yake: ameketi pale sakafuni, anaumia, na yeye Chekhov anamtazama kutoka ukumbini na kutoka kila upande, akijua kwa utulivu kamili Skid atafanya nini. Maneno ya Kijerumani yakaanza kutoka yenyewe. Mtu aliyekuwa na huzuni ya kupoteza lugha yake akapata hapo kitu alichokifundisha mpaka anakufa.

Zoezi la siku hiyo lilikuwa kuigiza kwa lugha ya mwenzako. Mwalimu wa Siaya alinifundisha sentensi tano za Kijaluo na nikatakiwa kumfukuza mkopaji nyumbani kwangu kwa hizo tano tu. Kijana wa bodaboda, ambaye kwenye harusi ulimi wake haupumziki, alipewa Kigikuyu cha muuguzi akabaki ameduwaa dakika nzima. Mwalimu akamwambia aweke kitovu cha mwili wake kidevuni. Hili nalo ni la Chekhov: unafikiria kwamba nguvu yote ya mhusika inaanzia mahali pamoja mwilini, puani, magotini, nyuma ya kisogo, na mwili unajipanga kufuata hapo. Kijana akainua kidevu kidogo. Kidogo tu. Mabega yakashuka, hatua ikawa nzito, na mbele yetu akasimama chifu wa kijiji mwenye kesi ya ng'ombe. Tulipiga kelele hadi mama wa cherehani akapanda kuuliza kuna nini.

Paris sikuwepo. Mama alikuwa na kliniki ya presha siku hiyo na hakuna mwingine wa kumpeleka. Na hapa ndipo lalamiko langu la kwanza: ukikosa Jumamosi, umekosa. Hakuna kufidiwa, na pesa haikatwi. Nilipewa karatasi mbili za nakala, Kiingereza cha kupigwa chapa zamani, herufi zimefifia hadi nikazisoma dirishani. Nilichoambulia ni kwamba alijaribu kuanzisha ukumbi wake huko Ufaransa na mambo yakaharibika kwa kukosa fedha. Mwalimu anayesimulia vizuri kiasi hiki angeweza kutuandikia kurasa chache kwa Kiswahili, na nimemwambia hivyo uso kwa uso.

Lalamiko la pili ni ukumbi. Jumamosi ya tano tulikuta mwenye ukumbi ameukodisha pia kwa kwaya. Tulikaa ngazini dakika arobaini mpaka wakakubaliana kwamba kwaya itumie korido. Siku hiyo ilikuwa ya Riga na Kaunas, miji ya Latvia na Lithuania, kati ya 1932 na 1934, ambako Chekhov alicheza kwa Kirusi huku wenzake wa Latvia wakimjibu kwa Kilatvia, na ambako moyo wake uliugua kwa mara ya kwanza kabla mapinduzi ya serikali hayajamhamisha tena. Mwalimu aliigeuza kwaya kuwa zoezi la hali ya mahali: ingieni chumbani kana kwamba sauti ile ni ya msiba wa jirani, tokeni, ingieni tena kana kwamba ni ya harusi. Lilitoka vizuri. Lakini dakika arobaini zetu hazikurudi, na mtu aliyelipa kutoka Njoro kwa nauli ya kwenda na kurudi ana haki ya kununa.

La tatu, hupokea simu katikati ya somo. Hutoka nje, ni kweli, na huomba radhi. Bado inakata.

Dartington ni somo lililompendeza kila mtu, na nafikiri hata mwalimu hulingoja. Mwaka 1935 Chekhov alikwenda Marekani kwa maonyesho, na msichana mwigizaji, Beatrice Straight, akamwona. Mama yake Beatrice na baba yake wa kambo, akina Elmhirst, walikuwa na shamba kubwa hapo Dartington, Devon, Uingereza, wakampa nafasi ya kufungua studio. Ilifunguliwa Oktoba 1936. Alikuwa na miaka 45 na Kiingereza ndiyo kwanza anajifunza ili aweze kufundisha. Mwalimu alituambia hilo kisha akanyamaza, akatazama mikono yake. Nadhani hapo ndipo alipokaribia zaidi kutuambia habari zake.

Ridgefield, Connecticut, walikohamia vita vilipokuwa vinakaribia Ulaya, aliipitia mbio mno. Nilitaka kujua zaidi kuhusu ule mchezo wao wa kwanza Broadway mwaka 1939, uliotokana na riwaya ya Dostoevsky na ambao haukupokelewa vizuri. Mtu ameanza upya mara ngapi hapo, na bado anaanguka mbele ya mji mzima wa New York, kesho yake anaamka anawaambia nini wanafunzi? Mwalimu alisema tu kwamba walifanya kazi, mwaka 1941 wakazunguka na Shakespeare kwa magari, kijana Yul Brynner akiwa miongoni mwao, na kufikia 1942 vita vikawachukua wanaume. Hilo la kuzunguka na magari lilinifanya nitabasamu, lakini swali langu lilibaki.

Ya mwisho ilikuwa Hollywood, na darasa likachangamka kwa sababu ya majina. Chekhov alicheza filamu, na kwa nafasi yake ya daktari mzee katika Spellbound ya Hitchcock, ya 1945, aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Hakushinda. Akafundisha watu jioni: Anthony Quinn, Jack Palance, Marilyn Monroe. Msichana wa TikTok alipoambiwa Monroe alikuwa akijifunza Shakespeare kwa mzee huyu, alifungua mdomo. Na yule Beatrice Straight wa Dartington alikuja kushinda Oscar kwa filamu ya 1976, akionekana kwenye skrini kwa dakika tano na sekunde mbili. Zoezi la siku hiyo lilikuwa kila mtu kucheza dakika tano, asizidishe, kila sekunde iwe na kazi. Ni zoezi gumu kuliko yote niliyowahi kufanya.

Msiende mkitafuta cheti, hakuna. Msiende mkitaka kufundishwa kamera. Mwalimu hajui na anasema hajui. Kama una haraka ya kupata nafasi kwenye kipindi cha televisheni, nusu saa ya hadithi itakuchosha. Kwa walimu wa drama ningesema uzeni kitu mwende. Wale wawili tuliosoma nao wameacha kuwafokea wanafunzi "onyesha hisia!" na wanawauliza mhusika anataka nini. Na kwa ninyi wa Nissan yetu, mnaofikiri mwili umesahau, mwili haujasahau. Wangu ulichukua Jumamosi mbili.

Siku ya onyesho tulialika kila mmoja watu wawili. Mama alikuja kutoka Bahati na matatu ya saa mbili, amevaa ile sweta ya maruni ya kanisani, akakalia kiti cha plastiki mstari wa mbele kwa sababu ya masikio yake. Nilicheza Caleb, gunia lilelile. Sikumwangalia. Nilikuwa na mambo mengi ya kuangalia: binti, mlango, zile herufi.

Baadaye nikamsindikiza steji. Tulitembea polepole, magoti yake hayapendi ngazi. Tukiwa tunapita pale penye wauza mahindi ya kuchoma akauliza, bila kunitazama, "Na lile dirisha la kuangalia bahari?"

"Halikuwepo, Mama."

Akatembea kidogo. Akanunua hindi moja, akalivunja, akanipa nusu.

"Yule ng'ombe uliyetuma pesa anunuliwe," akasema, "nilikuwa nakwambia anatoa lita kumi."

"Ndiyo."

"Alikufa mwaka wa pili."

Matatu ya Bahati ilikuwa imebakisha mtu mmoja, na kondakta alikuwa tayari ameshika mkono wake kumpandisha.